Mama Aliyenunua Mafuta Duka la Dawa

Likizo ndefu iliyopita nilifika nyumbani Nyabiyonza nikamkuta mjomba hana pikipiki. Ile ya zamani ilikuwa imeegeshwa nyuma ya jiko, chini ya migomba, injini imeng'olewa, kuku wanalala juu ya tangi. Alikuwa ameuza kahawa na magunia kadhaa ya maharage, ana pesa ya kuanzia, na anatafuta nyingine. Pikipiki kwetu si usafiri tu. Kuna sare na madaftari ya wanawe watatu juu ya ile siti, na nikisema ukweli, kuna sehemu ya nauli yangu ya kurudi chuo pia.

Mimi na usomi wangu wa mwaka wa tatu nikamshauri anunue ya umeme. Nikamweleza habari za Kigali, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria hazisajiliwi kama ni za petroli. Nikamweleza Ethiopia, ambao mwaka 2024 walipiga marufuku kabisa kuingiza magari binafsi ya mafuta. Nikaongea kuhusu tabianchi. Nilikuwa moto kweli, kama niko kwenye mdahalo wa Ijumaa pale ukumbini.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, maana ananiita mwalimu na anaheshimu hilo jina. Halafu akaanza kuuliza, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Hiyo ya umeme ikiwa na mikungu minne ya ndizi nyuma, mvua imenyesha, itapanda kile kilima chetu? Chaji ikiisha katikati ya njia, mtu anaazima wapi? Fundi wetu pale senta anajua kabureta na klachi kwa kugusa tu, hiyo betri ataifungulia wapi? Betri yenyewe ikifa baada ya miaka kadhaa, nani analipa? Na swali la mwisho ndilo lililonimaliza. Mtoto akiugua usiku na hospitali inataka pesa, pikipiki ya petroli inapata mnunuzi kabla ya saa sita mchana. Ya umeme ataiuza kwa nani hapa Nyabiyonza?

Sikuwa na jibu hata moja la maana. Usiku ule nikanunua bando, nikaanza kusoma, na nia yangu, nakiri, ilikuwa kumshinda mjomba kwa hoja asubuhi. Katika kusoma huko ndipo nikakutana na Bertha Benz. Jina la Benz kila mtu analijua, hata mtoto wa chekechea akiona ile nyota ya gari la mkubwa. Bertha mwenyewe wengi hatumjui, na kama si yeye huenda lile jina lingebaki kwenye kibao cha karakana moja ya madeni.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini magharibi mwa Ujerumani, akaitwa Bertha Ringer. Baba yake alikuwa seremala na mjenzi aliyefanikiwa. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto alifungua Biblia ya familia, mahali walipoandika siku za kuzaliwa, akakuta baba ameandika kwa masikitiko kwamba safari hii tena amezaliwa msichana. Watu wanaomwelezea wanasema jambo lile halikumtoka moyoni. Alipenda mambo ya mashine, lakini vyuo vikuu vya jimbo lake la Baden vilikuja kuwapokea wanawake kama wanafunzi kamili mwaka 1900, yeye akiwa na miaka 50 hivi. Mabinti wenzangu wa hosteli tunaolalamikia foleni ya usajili, tulifikirie hilo kidogo.

Mwaka 1872 aliolewa na Carl Benz, mhandisi mwenye akili nyingi na mfuko mtupu, mtoto wa dereva wa treni aliyefariki Carl akiwa mdogo mno. Hapa kuna jambo la mila ambalo kwetu Wanyambo linashangaza. Kwao mali ya ndoa ilitoka upande wa binti: wazazi ndio walimpa mtoto wao wa kike fungu la kuanzia maisha. Bertha alimwomba baba yake fungu hilo kabla ya harusi. Carl alikuwa na karakana Mannheim na mshirika asiyeaminika, na zile pesa zilitumika kumwondoa mshirika huyo. Kwa hiyo Bertha aliwekeza kwenye kampuni kabla hajawa mke wa mwenye kampuni. Baada ya kuolewa, sheria za wakati ule hazikumtambua tena kama mtu wa kusimamia mali yake mwenyewe. Pesa ni zake, kibao ni cha mume.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida. Watoto wanazaliwa, wadai wanabisha hodi, na mume yuko karakana anahangaika na injini isiyowaka. Usiku wa kuamkia mwaka 1880 ile injini ikawaka, wakiwa wawili, yeye na mumewe, na wanasema ilinguruma vizuri hawakutaka kuizima. Tarehe 29 Januari 1886 Carl akaomba hataza, ile ya namba 37435, ya gari la magurudumu matatu linalojiendesha kwa injini ya mafuta. Wanahistoria wengi wanaihesabu hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa gari.

Sasa sikiliza. Gari lipo, hataza ipo, na wateja hawapo. Watu walikuwa na farasi. Farasi anakula majani popote anaposimama, mganga wa farasi yuko kila kijiji, kilima anapanda, na ukikwama kwa pesa unampeleka mnadani. Lile dude la Benz lilikuwa linapiga kelele, linanuka, linatisha mifugo, mafuta yake hayauzwi barabarani, na likiharibika mtu pekee duniani anayeweza kulitengeneza anakaa Mannheim. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu gizani. Maswali ya mjomba yote yalikuwa pale, yana zaidi ya miaka 130.

Carl hakuwa mtu wa kujibu maswali ya namna hiyo. Alikuwa fundi wa kurekebisha tena na tena, anazunguka na gari lake karibu na nyumbani, anasubiri likamilike. Bertha aliona kwamba gari litakamilika wao wakiwa wamefilisika.

Basi asubuhi moja ya Agosti 1888, shule zikiwa zimefungwa, alitoka na wanawe wawili wakubwa, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, wakasukuma gari taratibu mpaka mbali na nyumba kisha wakaliwasha. Carl alikuwa amelala. Walimwachia taarifa kwamba wanakwenda Pforzheim kwa bibi. Hawakumwambia kwamba wanakwenda kwa gari, akaja kugundua mwenyewe alipokuta halipo.

Kutoka Mannheim hadi Pforzheim kwa njia waliyopita ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Ukitaka kuipata akilini, fikiria kutoka Bukoba mjini kupitia Kyaka mpaka Kayanga, ila bila lami, bila kibao, na chombo chenye nguvu isiyofikia hata ya bodaboda ya leo. Hakuna binadamu aliyewahi kusafiri mbali hivyo kwa gari la namna hiyo.

Gari halikuwa na tangi la mafuta kama tunavyolijua. Akiba yake ilikuwa lita nne na nusu hivi, ndani ya kabureta. Kabla ya kufika nusu ya safari yalikuwa yanaelekea kwisha. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch, Bertha aliingia duka la dawa akaomba ligroini, dawa ya kusafishia madoa kwenye nguo, maana ndiyo iliyokuwa inaendesha ile injini. Leo duka lile linatajwa kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Mwenye duka hakujua kwamba anafungua kituo. Aliona tu mama mwenye vumbi anayetaka dawa ya madoa nyingi kuliko kawaida.

Maji ndiyo yaliyowasumbua zaidi. Injini ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kuondoka kama mvuke, hivyo kila walipoona kisima, mto au nyumba ya wageni walisimama kuongeza. Bomba la mafuta likaziba, Bertha akachomoa pini ya kofia yake akalizibua. Waya wa umeme ukachubuka, akaufunika kwa mkanda wa kushikia soksi. Cheni ikalegea, wakampata mhunzi. Kwenye miteremko breki za mbao zikaanza kulika, akamwendea fundi viatu, akamwambia apigilie ngozi juu yake, na hapo, kwa maelezo ya wengi, ndipo breki zilipopata kitambaa kwa mara ya kwanza.

Vilima ndivyo vilivyowatoa jasho. Gari lilikuwa na gia mbili tu na hazikutosha. Kwenye mwinuko mmoja anashika usukani na wengine wawili wanasukuma. Hebu waone, mama wa miaka 39 na vijana wake, nguo zimejaa grisi, wanasukuma kitu ambacho kazi yake ilikuwa kuwabeba wao. Wanakijiji wakitoka nje wanashangaa. Wakafika Pforzheim giza linaingia, Bertha akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika salama.

Baada ya siku chache wakarudi Mannheim kwa gari lilelile, kwa njia nyingine. Pale nyumbani Bertha hakuleta sifa peke yake. Alileta orodha ya makosa. Gari linahitaji gia ya chini kwa ajili ya vilima. Breki za mbao hazifai. Carl akaongeza gia. Mwezi uliofuata gari likaonyeshwa Munich kwenye maonyesho makubwa ya mashine, likapata medali ya dhahabu. Wanunuzi hawakufurika siku hiyo hiyo, ila mlango ulikuwa umefunguka, na mwishoni mwa karne ile kampuni ya Benz ilikuwa inaongoza duniani kwa kutengeneza magari.

Asubuhi nikaenda kwa mjomba nimejaa ushindi. Nilitaka kumwambia kwamba hata petroli ilianza bila kituo, na watu waliogopa vilevile. Tena nilikuwa na hoja kali ya pembeni: huku kwetu mpaka leo petroli mara nyingi hainunuliwi kituoni, inanunuliwa dukani kwenye chupa ya maji, imepangwa kando ya sabuni na viberiti. Sisi bado tuko Wiesloch! Kama petroli iliweza kufika kijijini ndani ya chupa, umeme ambao tayari uko kwenye nguzo unashindwaje?

Mjomba akafurahia sana kisa chenyewe, hasa pale pa dawa ya madoa. Kisha akauliza swali moja. Huyo mama, lile gari lilikuwa la nani?

Nikasema la kwao, la kampuni ya mumewe.

Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya ndizi. Hakuongeza neno, wala hakuhitaji. Nilirudi ndani nikasoma tena kisa chote kwa jicho la lile swali, na kikawa kisa kingine. Mteja hakuwahi kuambiwa aache woga. Safari ya hatari ilifanywa na mwenye mali, aliyekuwa ameweka fungu lake lote mle ndani, akapanda na watoto wake mwenyewe. Kama gari lingefia njiani, hasara na aibu vingebaki kwa akina Benz, na yule mkulima wa Wiesloch angebaki na farasi wake mzima. Sasa angalia tunachofanya sisi. Tunatoka kwenye semina yenye kiyoyozi, tunamwambia mtu mwenye pikipiki moja na hesabu ya kupeleka kila jioni kwamba yeye ndiye awe wa kwanza kujaribu kilima. Akisita tunasema hana elimu.

Na kusita huku kuna historia ambayo wengi tunairuka. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani, na gari lake lilikuwa la umeme. Mwaka 1900 Marekani, katika magari yaliyotengenezwa, ya umeme yalikuwa zaidi ya theluthi moja, mengi kuliko ya petroli. Yalikuwa kimya, hayanuki, hayahitaji kuzungushwa hendeli kuwashwa. Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme wakati mumewe anaijaza nchi magari ya petroli. Halafu yakashindwa. Ford akashusha bei kwa gari lake la mwaka 1908, mwaka 1912 magari ya Cadillac yakaja na kiwashio cha umeme hivyo hendeli ikakosa kazi, na kubwa zaidi, mashambani hakukuwa na umeme. Mkulima wa kule angeweza kubeba kopo la mafuta, asingeweza kubeba nguzo. Hakuwa mjinga. Alikuwa anapiga hesabu ileile ya mjomba.

Kwetu hesabu inaanza kubadilika, nalo lazima lisemwe. Nguzo zimefika vijiji vingi. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, na maporomoko ya Rusumo, hapa hapa mkoani kwetu mpakani na Rwanda, yanatoa megawati 80 tunazogawana nchi tatu. Kagera kwa miaka mingi ilikuwa ikitegemea umeme wa kutoka Uganda. Kule Kigali nako wamepata njia ya kulijibu swali la betri: dereva hanunui betri, anaibadilisha kituoni kwa dakika chache, anaacha iliyokwisha anachukua iliyojaa, na betri ikizeeka ni mzigo wa kampuni. Huo ndio ujanja wa Bertha kwa mtindo wa leo. Mwenye biashara anabeba hatari. Lakini vituo hivyo viko mjini, kwenye abiria wengi. Nyabiyonza bado hakuna aliyekuja na mikungu minne akapanda kilima chetu huku tunamwangalia.

Bertha aliishi maisha marefu baada ya ile safari, na kwa kweli miaka mingi ya baadaye ilipita kimya. Walizaa watoto watano jumla. Mwaka 1903 Carl aliondoka kwenye uongozi wa kampuni baada ya kutoelewana na wenzake, wakahamia mji mdogo wa Ladenburg, wakaanzisha kampuni nyingine ya familia. Mwaka 1926 ile kampuni ya kwanza ikaungana na ya Daimler. Carl alifariki mwaka 1929, na katika kumbukumbu zake alikuwa amekiri wazi kwamba siku mambo yalipokuwa yanazama mtu pekee aliyebaki naye alikuwa mkewe.

Tarehe 3 Mei 1944, vita vikiwa vimepamba moto, Bertha alitimiza miaka 95. Siku hiyo chuo cha ufundi cha Karlsruhe, alikosoma mumewe na ambako yeye asingeweza kusoma, kilimtunuku useneta wa heshima. Siku mbili baadaye akafariki nyumbani kwake Ladenburg. Mimi kama mwalimu mtarajiwa sijui nicheke au nilie kwa huo mpangilio wa tarehe.

Mjomba nilimsimulia hata hiyo sehemu ya mwisho. Akasema alichokipenda kuliko vyote ni kwamba mama alirudi na gari lilelile. Kwenda, alisema, mtu yeyote anaweza kwenda.

Wiki iliyofuata alinunua pikipiki ya petroli, iliyotumika, kwa mtu wa Kayanga. Sikubishana. Siku ya kurudi chuo alinipakia mimi na begi langu na ndoo ya maharage, tukaondoka alfajiri kuelekea stendi ya Omurushaka. Tulipofika kile kilima akapunguza mwendo, pikipiki ikakohoa, na mimi bila kuambiwa nikashuka nikaanza kupanda kwa miguu nyuma yake, ndoo kichwani.